Sufuria ya Presha

Juzi nilikuwa katika supamaketi moja nikitafuta sabuni, nikasikia harufu iliyonisahaulisha sabuni. Msichana mwenye aproni alikuwa ameweka meza kando ya rafu za vyombo, akiwaonyesha wapita njia sufuria mpya ya umeme yenye vitufe na taa ndogo ndogo. Alipofungua mfuniko, mvuke ukapanda na harufu ya maharagwe, ya chuma cha moto, na ya mpira uliopata joto hadi karibu na kuungua. Wengine nadhani walinusa maharagwe. Mimi nilinusa jiko letu la Mumbuni, bibi yangu akiwa amenyoosha miguu kuelekea motoni, na mama yangu amesimama mlangoni akiogopa kuingia jikoni mwake mwenyewe.

"Madam, unataka kujaribu?" msichana akaniuliza.

Nikamwambia tulikuwa nayo zamani, nilipokuwa mtoto. Akatabasamu, akasema hii si kama zile za zamani. Hapo alisema kweli.

Nyinyi mliokua wakati wangu mtakumbuka jinsi kitu kipya kilivyoingia nyumbani siku zile. Hakikuletwa na pikipiki kikafunguliwa huku mtu akitazama simu. Kilitanguliwa na maneno. Godoro, redio, saa ya ukutani, kila kimoja kilizungumziwa miezi mingi kabla hakijafika, na kilipofika kilikuwa na ahadi mabegani. Sisi watoto tulikaa tukikitazama kiitimize. Nakumbuka kamusi niliyonunuliwa nikiingia darasa la tatu. Niliambiwa ina maneno yote ya Kiingereza. Nikatafuta jina langu, Mumbua, nikalikosa, na tangu siku hiyo sikuiamini sawasawa. Ndivyo nilivyokuwa. Nikiambiwa neno, nililichukua lilivyo, nikaenda nalo.

Tuliishi katika nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na jiko la nje la mabati. Baba alifanya kazi Mombasa, tukamwona Pasaka na Krismasi. Mama alishona katika kiwanda cha nguo Athi River. Usidhani alishona nguo nzima. Alishona mfuko wa nyuma wa suruali za jinsi, wa kulia peke yake, siku nzima. Wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine. Alitoka nyumbani kukiwa bado giza, na jioni basi la kiwanda lilimwacha Kyumbi, pale njia panda, akatafuta gari jingine la kumleta mjini, kisha akatembea hadi kwetu.

Alipofika ndipo muthokoi ilipopanda jikoni. Kwa asiyeijua, muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na ukiyachanganya na maharagwe, hukaa motoni hadi mtu asahau alikuwa na njaa. Mama alikaa kwenye kigoda mbele ya makaa, kidevu kikimwangukia kifuani, akashtuka, akaongeza maji, akasinzia tena. Mara nyingi mimi nililala kabla haijaiva, nikalishwa nusu niko ndotoni.

Kisha Susu akaja. Susu, kwa Kikamba, ni bibi. Huyu alikuwa mama yake baba, na aliishi Masinga kwa mbaazi zake na mbuzi wachache. Siku moja aliona kizunguzungu shambani akaanguka, majirani wakampeleka kliniki, na habari iliyotufikia ilikuwa ya neno moja: presha. Presha ya Susu imepanda. Baba alipiga simu akasema mama yake atakaa kwetu mpaka ishuke.

Mimi sikujua presha ni nini. Nilijua inapanda na inashuka, kwa hivyo nikaiweka pamoja na vitu vingine vya namna hiyo, kama maji ya kisima au paka wa darini. Nililala kitanda kimoja na Susu, nikawa namtazama kifua nikijiuliza imefika wapi. Tulipompeleka kwa daktari mjini, daktari alimfunga mkono kwa kitambaa cha kujaa upepo, akatazama mshale, uso ukabadilika.

"Hii presha iko juu sana, mama," akasema. "Lazima tuitoe huko."

Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi. Susu alivipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akavifunga kwenye pindo la leso, na vikabaki humo.

Mama na Susu hawakugombana hata siku moja. Walikuwa na adabu nyingi kuliko nyumba ile ilivyoweza kubeba. Mama alimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama mke anavyomwita mama wa mume. Alimpa kiti pekee chenye mgongo na chai ya kwanza kutoka kwenye birika. Susu alishukuru. Baada ya hapo walinyamaza wote wawili. Asubuhi mama alitoka Susu amelala, na jioni alirudi amechoka mpaka sauti. Alipika bila chumvi kama daktari alivyoagiza, lakini hakupata nguvu ya kueleza. Aliweka sahani tu mbele ya Susu. Naye Susu aliona chakula kisicho na ladha na mkaza mwana asiyezungumza, akajumlisha mwenyewe.

Siku moja nilitoka shule nikamkuta anapanga nguo kwenye kiondo.

"Unaenda wapi, Susu?"

"Kwangu. Jumatatu nikiamka."

"Na presha?"

"Itaenda na mimi. Tumezoeana."

"Mama anajua?"

"Mama yako ako na kazi mingi, usimsumbue." Akakunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hapa hata hiyo jembe sijapewa."

Niliogopa kweli. Darasani kwetu kulikuwa na mtoto ambaye babu yake alianguka kwa presha akiwa peke yake, na alipopatikana alikuwa ameshakufa. Nilimwona Susu amelala chini ya mbaazi zake huko Masinga, mbuzi wakimnusa. Lakini alikuwa amenikataza kumsumbua mama, nami sikuwa mtoto wa kumvunjia Susu amri. Nikabaki na hofu yangu.

Jumamosi mama aliniambia nivae viatu, twende mjini. Zamu yake ya kupokea pesa za chama, zile akina mama wanazochangiana, ilikuwa imefika, na alikuwa na uso wa mtu aliyeamua jambo zamani. Tulipita nguo, tukapita viatu, tukafika mbele ya duka la vyombo karibu na soko, penye watu wamekusanyika. Katikati yao alisimama kijana mwenye kipaza sauti, amevaa koti jeupe. Koti kama hilo nilikuwa nimeliona kwa mtu mmoja tu maishani, na mtu huyo alikuwa daktari wa Susu.

Mbele ya kijana palikuwa na sufuria nene inayong'aa, imefungwa mfuniko kama mlango wa benki, na juu yake kichuma kidogo kilichokuwa kikitikisika.

"Akina mama, mnaumia bure," akasema kwenye kipaza sauti. "Maharagwe unaweka saa ngapi, inaiva saa ngapi? Hii unaweka, unaenda kuoga, unarudi unapakua." Watu wakacheka. "Sasa kuna wale wanaogopa presha. Usiogope presha. Ikipanda, si inapandia huku ndani? Na ikizidi inatokea wapi? Inatokea hapa." Akainua kile kichuma kwa kijiti, mvuke ukatoka kwa nguvu, tsss, watu wa mbele wakarudi nyuma. "Imetoka yote. Imeisha. Hata mgonjwa anaweza kukaa hapa karibu, hakuna kitu itamfanya."

Nilimwinulia mama macho. Alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza mahubiri yaliyoandikwa kwa ajili yake. Nikatazama lile koti jeupe. Nikatazama mvuke ukipotea juu ya paa la duka. Nikaelewa yote kwa mara moja. Mama yangu, ambaye Susu alidhani hamjali, alikuwa amekuja kununua mashine ya kumtoa Susu presha.

Njia nzima nilimshika mkono kwa nguvu. Sikuwa nimewahi kujivunia mtu kiasi hicho. Alibeba lile boksi kichwani, shingo imenyooka.

"Mama, itafanya kazi?" nikamuuliza.

"Tuombe Mungu," akasema. "Hii ikisaidia hata kidogo, Mumbua, nitashukuru sana."

Tulipokaribia nyumbani nilishindwa kuvumilia. Nikamwacha mama njiani, nikakimbia, nikamkuta Susu kwenye kiti chake chenye mgongo, nje, akiota jua la alasiri.

"Susu, usiende Jumatatu. Mama amekununulia mashine ya presha."

"Mashine gani?"

"Ya kutoa presha. Daktari ametuonyesha. Inapandia ndani, halafu inatokea juu, inaisha. Mama ameitumia zamu yake yote ya chama."

Susu alitazama njia mpaka mama akatokea na boksi lake. Hapo akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu mdogo kwake. Aliinuka kwenye kiti. Alimpokea mama lile boksi kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka chini, kisha akamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wa kwetu wanavyobariki.

"Mwanangu, nilikudhania vibaya," akasema. "Kumbe wewe na uchovu wako wote ulikuwa unafikiria presha yangu. Umeacha mambo yako yote ukanikumbuka mimi."

Mama akamtazama. Akatazama boksi. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama hapo na tabasamu la kufika masikioni. Akafungua kinywa. Nilikuwa mtu mzima, nina jiko langu na uchovu wangu, nilipokuja kuelewa ni maneno gani yaliyokuwa tayari kutoka katika kinywa kile. Hayakutoka.

"Ni kitu kidogo tu, Mwaitu," akasema, akainama kulikata boksi kamba.

Jioni hiyo Susu alitoa nguo zake kwenye kiondo, akazirudisha kwenye sanduku.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha mapishi. Kwenye jalada palikuwa na kuku mzima, mwekundu wa dhahabu, amelazwa kati ya karoti na njegere, na nyuma yake mwanamke mwenye kucha nyekundu akicheka. Jumapili baada ya kanisa mama alikaa na kile kijitabu akikisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Alikifungua mwanzo hadi mwisho, kisha mwisho hadi mwanzo.

"Haiko," akasema.

"Nini haiko?" Susu akauliza.

"Muthokoi. Kuna samaki, kuna keki, kuna kitu inaitwa sijui nini ya kondoo. Muthokoi hawajui."

Ikabidi akisie. Siku ya kwanza tulifungua tukakuta muthokoi ngumu kama kokoto za barabara. Siku iliyofuata akaongeza muda, ikawa uji, na kabla sufuria haijakubali kufunguliwa ikarusha ule uji kupitia juu ukaenda kuchora mabati. Alama ile ilibaki pale juu mpaka tulipohama. Mama alitoka mbio na mwiko mkononi, na tangu siku hiyo sufuria ikianza kutoa sauti yeye alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Yule kijana alikuwa ameahidi kwamba mtu ataweka chakula aende kuoga. Mama hakwenda kuoga. Aliilinda ile sufuria kama askari anayelinda mfungwa mkorofi, na usingizi ulimruka kabisa.

Kwangu mimi hayo yalikuwa mambo madogo, kwa sababu sufuria haikununuliwa kupika. Kila jioni nilikivuta kiti cha Susu karibu na jiko.

"Nyoosha miguu, Susu, ndio itoke vizuri."

Susu alinyoosha. Mvuke ulipoanza kulia nilimshika goti.

"Inatoka?"

"Inatoka," akajibu. "Naskia miguu imekuwa nyepesi."

Mama pale mlangoni alitazama chini.

Sasa nafikiri baraka ile ilimwelemea. Ni vigumu kushukuriwa kila siku kwa wema ambao hukuutenda. Mwisho unaanza kuutenda ili upumue. Jioni moja alichuchumaa mbele ya Susu, akafungua lile pindo la leso, akatoa vidonge.

"Mwaitu, hiyo sufuria haisaidii kama hujameza hizi."

Kwa maneno ya daktari Susu hakuvimeza. Kwa maneno ya mtu aliyetumia zamu yake ya chama kwa ajili yake, alivimeza siku hiyo na siku zilizofuata, asubuhi na jioni. Mama akapata nafasi pia ya kumweleza habari ya chumvi, akaanza kumkamulia limau kwenye chakula na kumkatia dania. Na kwa kuwa alikuwa amefungwa pale mlangoni na woga wa sufuria, bila usingizi na bila kazi ya kufanya, akawa anazungumza. Susu alimsimulia jinsi baba alivyokuwa mdogo, alivyojificha ndani ya ghala siku ya kuuza mbuzi, akalia mpaka mnunuzi akamwonea huruma akachagua mbuzi mwingine. Mama alicheka. Nilikuwa namjua mama yangu maisha yangu yote, na sikujua alikuwa na kicheko kirefu namna ile.

Tuliporudi kliniki, muuguzi alimpima Susu, akampima tena.

"Mama, umefanya nini? Presha imeshuka vizuri sana."

"Ni sufuria," nikasema mimi, kabla mtu mwingine hajajibu.

Muuguzi alidhani nazungumzia mapishi. "Basi endeleeni hivyo hivyo," akasema.

Mnaweza kufikiri nilitoka pale nikiwa na kibali cha serikali. Shuleni nilimwambia kila aliyetaka kusikia, na zaidi nilimwambia Ndunge, mtoto wa jirani yetu, kwa sababu baba yake pia alikuwa na presha. Baba huyo alikuwa mwanamume mkubwa, bawabu wa ghala moja mjini, mpole mno, wa kusalimia hata watoto kwa kuvua kofia.

Jioni moja sufuria ikiwa imeanza kulia, tukasikia hodi. Alikuwa yeye. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kanisani, na chini ya kwapa amebeba kigoda chake mwenyewe.

"Karibu, Baba Ndunge," mama akasema.

"Asante, Mama Mumbua. Sitakaa sana." Alizungusha kofia mikononi. "Nimeskia mko na hii mashine ya presha. Mtoto ameniambia vile imesaidia huyu mama yetu. Nikasema, kama hamtajali, nikae tu hapo karibu kidogo na mimi. Zile vidonge zimenichosha. Nimeziacha tangu Jumapili, nijaribu hii."

Mama akasimama wima. Nilimwona akimtazama Susu, ambaye alikuwa amenyoosha miguu kama kawaida. Angeweza kunyamaza kwa ajili ya Susu, maana kwa Susu ukimya ule haukuwa na madhara. Lakini mtu huyu alikuwa ameacha dawa. Mama akaingia jikoni, sufuria ikimlilia usoni, akaitoa motoni kwa mikono yote miwili na kuiweka chini.

"Baba Ndunge, hii ni sufuria," akasema. "Ya kupika. Inaitwa ya presha kwa sababu ya mvuke. Haijaponyesha mtu. Tafadhali rudi nyumbani umeze dawa yako leo hii."

"Na mama hapa?"

"Mama hapa anameza vidonge asubuhi na jioni. Ndio zimemsaidia."

Yule baba akatazama kigoda chake kama kilicholetwa na mtu mwingine. Mama hakumwacha aondoke na aibu. Alingoja sufuria ipoe, akampakulia muthokoi kwenye bakuli la kufunika, akamsindikiza hadi kwenye kijia akimuuliza habari za mkewe. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta, uso unawaka. Sikuthubutu kumtazama Susu.

Mama alirudi akaketi kwenye kigoda, magoti yake karibu yaguse ya Susu.

"Mwaitu, sikununua hii kitu kwa sababu yako," akasema. "Mtoto aliskia vibaya, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo. Niliinunua kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilitaka nikitoka kazini nipate hata saa moja ya kulala."

Sufuria ilikuwa ikiendelea kupoa, ikitoa milio midogo midogo ya chuma.

"Ulikuwa umechoka," Susu akasema mwishowe.

"Ndio, Mwaitu."

"Mimi nilidhani umechoka na mimi."

Mama akatikisa kichwa. Nami nikaanza kulia kwa sauti, kwa sababu zangu mwenyewe. Kama sufuria haikuwa dawa, basi presha ya Susu ilikuwa inaanza kupanda wakati ule ule, sisi tukiwa tumekaa tunazungumza.

"Wewe kuja hapa," Susu akaniita. Akanibana katikati ya magoti yake. "Imeshuka ama haijashuka?"

"Imeshuka."

"Basi. Pangusa hiyo makamasi." Kisha akamgeukia mama. "Hiyo kitu inafungwa aje?"

"Gani, Mwaitu?"

"Si ni hiyo sufuria. Nionyeshe."

"Mwaitu, inaruka."

"Hata punda inaruka," Susu akasema. "Na tunaifunga."

Akajifunza. Siku za kwanza mama alimwonyesha mwenyewe, na baadaye Susu alibaki nayo mchana, sisi tukiwa shule na kazini. Nikirudi nilimkuta anazungumza nayo kwa Kikamba kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkamua ng'ombe mgeni. Kijitabu hakukijali. Alikata jalada lenye yule kuku wa dhahabu, akalibandika ukutani jikoni kwa sababu lilikuwa zuri, na kurasa zingine zikawa za kuwashia moto. Muthokoi aliiloweka tangu asubuhi. Maji aliyapima kwa kidole, na wakati wa kuitoa motoni aliujua kwa kusikiliza. Mlio ukibadilika kidogo, aliinuka. Ladha haikuwa ile ya jiko la kuni, na hakutuficha. Alisema ni chakula kilichokimbizwa. Lakini alikula, nasi tukala tukiwa macho.

Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo. Masinga alikwenda kuangalia mbuzi na kurudi, kiondo kikiwa na mbaazi za kutupikia. Lakini jioni ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kwanza alipoipika peke yake mwanzo hadi mwisho.

Mama alifika kutoka kazini kukiwa bado na mwanga dirishani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akakuta moto umezikwa kwenye majivu, chakula kimeiva na kufunikwa, vyombo vimeoshwa. Akarudi chumbani tulikokuwa. Alisimama katikati ya chumba, mikono ikining'inia, haijui pa kwenda.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

"Lala," Susu akasema.

Mama akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha. Akaketi ukingoni mwa kitanda avue viatu. Alivua kimoja. Kisha akajiegemeza upande, aone tu kitanda kilivyo mchana, nadhani, na mkono ukamlegea, kiatu kikadondoka sakafuni.

Nikaenda kumwamsha ale. Susu akanishika gauni.

"Chakula kitapoa," nikanong'ona.

"Kitapashwa."

Alishuka kwenye kiti polepole, mkono mmoja ukishika meza, mpaka magoti yake yakafika chini. Mwanamke mzee, mama wa mume, amepiga magoti mbele ya mkaza mwana. Akaanza kufungua kamba za kile kiatu cha pili.

"Mwaitu, wacha, nitavua mwenyewe," mama akasema bila kufungua macho.

"Nyamaza," Susu akamwambia. "Wewe umelala."